Paji la Uso Kutoka Mwanza

Mume wangu nilimpenda kuanzia paji la uso, kwa sababu ndilo peke yake lililofika.

Ilikuwa miaka ile kila mwenye chumba cha mbele alipokuwa anafungua biashara, na Tukuyu tukapata intaneti kafe: kompyuta mbili ndani ya chumba kilichokuwa kinanuka mbolea, maana duka la mbolea ndilo lililotangulia. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu, karani wa zamani serikalini, asiyevua kofia yake ya sufu asubuhi wala jioni. Mimi nilikuwa na saluni mtaani Ibighi. Kusuka nilijua, kuchapa sikujua, na mzee hakuruhusu mtu asiyejua kuchapa aguse kibodi yake. Ulikaa pembeni ukasema, yeye akaandika.

Basi mapenzi yangu yalipitia kwa karani. Mwanaume mwenyewe nilimpata kwenye mtandao wa watafuta wachumba. Yuko Mwanza, kazi anayo, mke hana, au ndivyo alivyodai. Jina alilojipa lilikuwa la mnyama, na namba pembeni. Alisema kwao ni Mbeya. Nami nikasema niko Mbeya, maana mtu wa Tukuyu akiulizwa na mgeni hujisogeza hadi Mbeya ili kukwepa maelezo.

Nikisema, "Mwandikie nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti," mzee anagonga weee, kisha ananisomea:

"Yah: Hali yangu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukujulisha kuwa kwa sasa ulaji wangu umepungua."

"Baba, si ungeweka na mpenzi?"

"Nimeweka Ndugu. Kwa kuanzia inatosha."

Siku niliyothubutu kusema nimeota amenishika kiuno, mzee alifikiri kidogo, akaandika kwamba nimeota tukiwa katika ushirikiano mzuri. Ajabu ni kwamba wa Mwanza alizidi kunogewa. Alisema hajawahi kukutana na mwanamke makini namna hii.

Nyumbani mama alikuwa amechoka kunisubiri. Kulikuwa na mjane mmoja wa Ikuti, mwenye shamba la chai, migomba, ng'ombe wa maziwa, na wosia wa marehemu mke wake aliousimulia kila alipoketi. "Huyu anaonekana kwa macho," mama alisema. "Wako anaonekana kwa umeme." Akamkaribisha mjane aje Jumapili baada ya ibada. Tukakubaliana kwamba wa Mwanza asipotuma picha na kusema anakuja lini kabla ya siku hiyo, mimi nitampikia mjane na maneno yataishia hapo. Sikumtaka yule mjane hata kidogo.

Picha ikaja. Enzi zile picha ilishuka kutoka juu pole pole kama pazia. Zikaja nywele. Likaja paji la uso, pana, lenye mikunjo miwili kama la mtu anayesubiri ajibiwe. Nyusi zilipoanza tu, mvua ikapiga bati na mtandao ukakata. Nililitazama lile paji nikaliona la mtu mwema. Mzee alilitazama muda mrefu kuliko mimi.

Tangu hapo mzee akabadilika. Nikiingia, anageuza kiti aangalie ukuta. Nikimwamkia, anakohoa. Akatundika pazia kati ya kompyuta na benchi, nikawa namwaga siri za moyo wangu kwa kitambaa. Mara moja tulikutana njiani, mzee mzima akajitosa kwenye migomba ya watu mpaka nikapita. Niliumia sana. Nilijua amenihesabu mwanamke wa ovyo kwa yale niliyokuwa namtuma aandike, nikaapa kwamba jambo langu likiisha, hata kivuli changu hakitaonekana pale.

Jumamosi, kesho yake mjane anakuja, ujumbe ukaingia. Mzee akausoma nyuma ya pazia lake.

"Mpenzi, nimeona nisizunguke. Nataka kuja kukuoa. Ukikubali nijibu leo hii, hata neno moja, nikate tiketi. Halafu nisamehe, kwetu si Mbeya mjini, ni Tukuyu. Baba yangu ana..."

Nikasikia kiti kinasogezwa. Mzee akatoka, akasimama barazani kwenye manyunyu, mgongo kwangu. Nikafunua pazia nikasoma mwenyewe: "Baba yangu ana intaneti kafe hapo. Ni mzee wa kofia. Mpole, usimwogope."

Sasa, kwetu Wanyakyusa baba mkwe ndiye hasa wa kumwogopa. Mke wa mtoto wake hamsalimii, hamtazami usoni, wakikutana njiani wanapishana kwa mbali, naye mzee hufanya vivyo hivyo. Ndiyo heshima yenyewe. Kumbe tangu paji lile lishuke nilikuwa nimeshapewa heshima ya mkwe, na mimi namlaani mtu. Kisha nikakumbuka kiuno, nikatamani ardhi ipasuke.

Lakini mlima Rungwe ulikuwa umeshafunikwa na wingu, mvua inakuja, na ikifika mtandao haupo. Nikakaa mbele ya kibodi niliyokatazwa kuigusa. Herufi zimetawanywa hovyo, wala hazifuati ule mpangilio tuliofundishwa darasa la kwanza.

"Jamani, N iko wapi?" nikaiuliza kompyuta.

"Mtu akitafuta N," mzee akaiambia barabara, "iko mstari wa chini, jirani na M."

Nikaibonyeza.

"Na D?"

"Mstari wa katikati, mkono wa kushoto. Mtu asikandamize, si kinu hicho."

Zilizobaki nilizisaka mwenyewe. Nikaliangalia lile neno. Halikuwa na Yah wala Ndugu.

"Mtu akimaliza," ikasema ile sauti ya nje, "abonyeze pale palipoandikwa tuma, mvua hiyo imefika."

Nikabonyeza. Bati likaanza kunguruma.

"Imeenda," nikaiambia kompyuta.

Mzee akavua kofia, akajifuta nayo uso bila kugeuka. Kisha akaishukuru barabara tupu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," akasema. "Ndaga, mwanangu."