Salima na doublure ya mu kichwa

Mie hapana amini mpaka sasa. Asubuhi hii nimefungua atelier yetu ya kushona, nimeona machine yake na kitambaa chini ya sindano, na nimesema "Salima, umeamukaje?" kabla ya kukumbuka.

Salima wetu amekufa, ndugu zangu. Mushonaji wa Butembo, mutoto wa Beni, commune Ruwenzori. Tulimuzika jana kule kwao.

Batu banauliza mu inbox amekufa na nini. Nitasema yote, juu uongo unaotembea mu quartier unanichoma roho.

Ilianza na jicho. Kope ya kushoto ikaanguka, ikakataa kupanda. Baclient banacheka: "Salima, unatukonyeza sisi bote?" Naye: "Weye hapana. Ni bwana yako!"

Kisha akaanza kuona sindano mbili, uzi unapita kando. Salima, aliyekuwa anapitisha uzi huku anaangalia barabara na kusengenya! Siku ile njo nilimuona analia mara ya kwanza.

Docteur wa hapa akasema macho ni mazima, ila mushipa wa damu ndani ya kichwa umevimba na unaweza kupasuka. Famille ikachanga, bakamuvusha mupaka kule Kasindi, bakamufikisha Kampala.

Kule hapana kupasua kichwa. Bakapitia kwa paja, ndani ya mushipa, bakapandisha kamurija ka nyuzi nyembamba za chuma mpaka pale penye kuvimba. Banakaita stent. Damu inapita ndani ya kamurija, inaacha kuingia mu uvimbe, na uvimbe unakauka polepole.

Aliporudi akatueleza kama mushonaji: "Ni doublure! Mushipa ulichakaa, banautilia doublure, kitambaa cha ndani, kama koti." Yesu wangu, tulicheka. Na kope ilikuwa imeanza kupanda.

Lakini doublure ile iko na masharti. Dawa kila siku, za kufanya damu iwe nyepesi, isigande kwa chuma. Docteur alimukazia: unaweza kusahau chakula, dawa usisahau.

Damu nyepesi inatoka mbio, mais hakuna aliyefikiri itatuletea nini. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu. Kwingine batu bangesema ni dawa tu. Siye huku, baada ya yale tuliyoona, tukiona damu kwa kinywa ya mutu tunajua jina moja.

Alikuwa anapima binti mumoja robe ya arusi. Tone moja likatoka puani, likaanguka kwa kitambaa cheupe. Binti akapiga kelele "Ebola!", akakimbia barabarani na pini zote mu robe.

Kufika jioni hakuna mutu wa kumupa mukono. Mwenye nyumba anasema ataita ambulance ya Ebola. Batu tuliokunywa nao chai banapita ngambo ingine ya barabara.

Sasa mujue kitu kimoja. Mama yake Salima alikufia mu centre ya Ebola, kule Beni. Bakamufunga mu mufuko, bakamuzika bamevaa gants za mikono, na batoto bake banaangalia mbali. Hakuna aliyemuosha. Salima alikuwa Muislamu wa kweli, na kitu kile hakikumutoka rohoni hata siku moja.

Akaacha dawa. Aliniambia wazi, mbele ya machine.

"Masika, fizi zimekauka. Batu batanyamaza."

"Na kichwa?"

"Kichwa hakionekane."

Nikakasirika! Nikapigia docteur, nikaweka haut-parleur Salima naye asikie. Maskini, alimuomba kama mutoto wake: "Mama Salima, damu itagandia kwa chuma. Rudia dawa leo leo. Mie mwenyewe nitakuja kuongea na bajirani."

Akamujibu, "Docteur, unajua kichwa yangu. Avenue yetu haujue." Kisha akanigeukia: "Mama yangu alienda bila maji, Masika. Mie hapana. Acha arusi ya yule binti ipite, njo nitaanza dawa tena."

Yule binti, akamushonea robe ingine mupya. Kwa arusi Salima alikuwa mbele kabisa, anacheza, meno yote inje, bote baone hakuna damu.

Na batu bakarudi kumukumbatia, hata mwenye nyumba! Mie nilisimama pale na sahani yangu, nahesabu siku alizokaa bila dawa.

Kesho yake akakaa kwa machine. Mukasi ukaanguka. Kutazama: kinywa kimepinda, mukono wa kuume umelala, anataka kuita jina langu na halitoke.

Hospitali bakamupima Ebola kwanza. Hapana, haikuwako. Docteur akaangalia picha ya kichwa, akatoka, akakaa chini karibu yangu. Damu ilikuwa imeganda ndani ya stent. Kabla ya sala ya magaribi, Salima akaenda.

Donc muache kusema ni Ebola. Ni woga. Woga wetu sisi bote, na woga wake.

Salima, dada yangu. Kule Beni banamuke ba kwenu bakakuingiza nyuma ya pazia. Mie mukristo nilikaa inje, mugongo kwa ukuta, na nikasikia maji. Banamwaga polepole, kopo kwa kopo, na dada yako mukubwa anakuita kwa sauti ya chini kama anaamusha mutoto.

Ulichotaka ulikipata. Na mie, unisamehe, ningetaka ungali hapa na damu kwa meno, avenue yote inakukimbia, tunabaki siye wawili na machine zetu. Sina kitu cha kunituliza. Batu banasema itapita, mie sioni itapitia wapi.

Kitambaa chako kingali chini ya sindano. Sitakitoa.

Wasingya, asante, Salima. Pumuzika sasa, dada. Umeoshwa.