Pumzi ya Sekunde Ishirini na Sita

Mimi ni kinyozi, na wanaonijua watakwambia nina mdomo. Sikatai. Lakini kuna jambo moja dukani kwangu halikuwa na utani: ikifika saa kumi jioni nikabonyeza ile redio kaseti yangu kuukuu, kila mtu kimya, hata aliyenyolewa upande mmoja. Aliyetaka kuongea alikwenda kuongea nje na kichwa chake cha nusu.

Nilikuwa napiga kanda ya mtu mmoja ambaye kwenye jalada ameandikwa Pumzi, basi, hakuna cha jina la baba wala la babu. Anapuliza kinanda cha mdomo, na anachopuliza ni bluzi, muziki unaotembea polepole kama mtu anayerudi nyumbani na habari mbaya. Kanda zake za mwanzo ni tatu. Baadaye alitoa mbili studio, zenye ngoma za kisasa na magitaa matatu yanayogombania mlango, na hizo sizitaki hata kwa kupewa. Redio hazikumpiga. Wanaojifanya wanajua muziki hawamjui. Kwa hesabu yangu alikuwa na mashabiki watatu dunia nzima: mimi, Mwalimu na Fundi.

Mwalimu ni mwanamke wa makamo anayefundisha hesabu. Siku ya kwanza alimsindikiza mumewe kunyoa, akaisikia kanda, mume akamaliza akaondoka, yeye akabaki. Fundi anatengeneza redio, milango miwili kutoka kwangu, na ni mbishi kuliko mimi, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Kwa miaka minane tulikutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, duka likiwa limefungwa, tukawa tunasikiliza zile kanda tatu kama watu wanaosoma barua ya mtu wa mbali.

Wimbo wetu mkuu ulikuwa wa nne, kanda ya kwanza. Katikati ya wimbo ule Pumzi anaishika sauti moja na haiachii. Haiachii. Unasikia kifua chako mwenyewe kinabana. Mwalimu alipima kwa saa yake: sekunde ishirini na sita. Nilijaribu mimi, nikaishia kumi na moja nikaona nyota mchana. Siwezi kukueleza nilivyokuwa najisikia kila nikifika pale. Nilikuwa naogopa, sema ni ule woga wa kusimama mbele ya kitu kilichokuzidi, ukashukuru kwamba kimekuzidi.

Ila tuligombana juu ya kitu kimoja. Kwenye kanda zile tatu, nyuma ya kinanda, kuna mgoto: tak-tak-tak-tak, unakwenda, unapungua, unakimbia tena. Na kwenye zile sekunde ishirini na sita mgoto unanyamaza kabisa, kisha unarudi. Mimi nilisema ni ngoma ya sanduku. Mwalimu alisema ni mguu wa mpigaji mwenyewe. Fundi akasema sisi wote hatujui kitu, ule ni ubovu wa mashine ya kurekodia, na siku akipata kanda safi atatuonyesha.

Kanda safi ilipatikana. Mwalimu aliiokota kwa muuza vitu vya mitumba, kanda ya kwanza, haijachezwa hata mara kumi. Ndani ya jalada kulikuwa na muhuri uliofifia wa duka la ushonaji, na mtaa wake. Mwalimu akikamata swali haliachi. Alikwenda mtaa ule akakuta duka linauza simu, akaelekezwa hapa, akaelekezwa pale, na baada ya wiki mbili akaja kwangu, akakaa kwenye kiti cha kunyolea.

"Yuko hai," alisema. "Alikuwa fundi nguo. Ameshona suruali maisha yake yote."

Nilitoa macho. Mtu ambaye pumzi yake imenifanya nifunge duka mapema, kumbe alikuwa anapunguza watu suruali.

Aliyezungumza na Mwalimu kwenye simu alikuwa binti wa Pumzi, muuguzi, ndiye anayeishi naye. Na hakuzunguka. "Masikio ya baba yanaondoka," alisema. "Moja limeshakufa, na daktari anasema la pili halimalizi mwaka. Kanda zake zililowa tulipohama, hana hata moja. Tangu mama afariki hataki habari za muziki. Lakini nilipomwambia kuna watu wana kanda ya kwanza, ameniuliza mara tatu: ile ya kwanza kabisa? Kama mnaileta, ileteni sasa."

Tukakubaliana Jumapili ya tatu. Fundi akapandwa na bidii. Akasema hatuwezi kumpelekea mzee kitu chenye makelele, sikio lenyewe ni moja na linakufa, apewe kinanda kitupu, kisafi kama maji ya mtungi. Akachukua kanda ya Mwalimu, akaiingiza kwenye kompyuta yake, akajifungia. Wiki tatu hakutengeneza redio ya mtu. Aliondoa mvumo, akaondoa mikwaruzo, na mwisho akaondoa mgoto, tak moja baada ya nyingine, kwa mkono. Siku ya mwisho mashine yake ikaila kanda yenyewe, ikaitoa utepe kama utumbo. Mwalimu alishika tama. Fundi akasema haina neno, iliyo safi ipo, na ile chafu alishaifuta kwenye kompyuta apate nafasi.

"Na hiyo yako," akaniambia, "itupe. Imeshakuwa takataka."

Mimi situpi hata kitana kilichong'oka meno.

Jumapili ikafika. Nyumba ya binti ilikuwa ndogo na imefagiliwa, viatu vimepangwa mlangoni kwa urefu. Sebuleni palikuwa na televisheni iliyowekwa juu ya cherehani ya miguu, cherehani imefunikwa kitambaa cheupe kilichoshonwa pindo kwa ustadi hata mimi nikaona. Mzee alikaa kwenye kiti cha mbao, mwembamba, suruali imenyooshwa mkunjo wa kukata kidole, amegeuza sikio zima upande wa mlango.

Tukamwamkia shikamoo, watatu kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba," alisema. "Ninyi ndio wale wagonjwa?"

"Ndio sisi, mzee," nilisema. Nilikuwa naiangalia midomo yake. Ilikuwa midomo ya kawaida tu.

Fundi akaweka spika juu ya stuli, karibu na lile sikio, akabonyeza. Kinanda kikatoka. Nakwambia ukweli, ilikuwa kazi ya maana. Sijawahi kumsikia Pumzi karibu vile, mpaka mate yake unayasikia. Mzee akatabasamu. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, na tabasamu likaanza kupungua. Akasogeza kiti. Wimbo wa tatu akainama, akabandika sikio kwenye spika kabisa, mkono umeshika ukingo wa stuli. Nilidhani sikio ndilo linamkatalia. Binti yake akasimama nusu.

Kisha mzee akainua mkono, Fundi akazima.

"Na yeye mmemweka wapi?" aliuliza.

Fundi akatuangalia. "Nani, mzee?"

"Mama yake huyu," alisema, akimwonyesha binti. "Hapa nipo peke yangu. Yeye mmemweka wapi?"

Hakuna aliyeelewa, na nikaingiwa na huzuni, nikidhani mzee amechanganyikiwa. Lakini binti yake hakumwangalia baba. Aliiangalia cherehani. Na mimi nikaiangalia, na Mwalimu akaiangalia.

Mzee akatueleza, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa. Kinanda alijifunza mwenyewe akiwa mwanafunzi wa ushonaji, kutoka kwenye sahani za santuri za bluzi za jirani zilizokuwa zinapenya ukutani. Alikuwa na pumzi, lakini hakuwa na mapigo. Akianza wimbo polepole anamaliza anakimbia, watu wanacheka. Akamwoa msichana aliyekuwa anakaa cherehani ya pili katika duka hilohilo, wakafungua duka lao la chumba kimoja. Rafiki mmoja akawaazima mashine ya kurekodia, Jumapili moja tu, na Jumapili ile walikuwa na sare za shule mia mbili za kupeleka kesho yake.

"Nikamwambia turudishe mashine, kazi ni nyingi. Akaniambia, wewe puliza, mimi nashona. Nikamwambia makelele yataingia. Akasema, yaache yaingie, wewe nifuate mimi tu." Mzee alicheka kidogo. "Nikamfuata. Kwa mara ya kwanza sikukimbia. Mguu wake ulikuwa haukosei. Kanda tatu tulizitengeneza hivyo, kila msimu wa sare tukiiazima tena ile mashine. Halafu studio wakaniita, nikaenda naye, yule bwana akasema cherehani haiingii hapa. Wakanipa mpiga ngoma. Kijana mzuri. Lakini nilikuwa kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake."

Akapapasa mkunjo wa suruali yake. "Miaka minne tangu aondoke sijausikia mguu ule. Nilisema kabla hili nalo halijaziba, niusikie mara moja. Basi."

Sasa nimwambie Fundi nini? Miaka minane mbishi yule amenichokoza, na siku aliyoshindwa ndiyo hii, na sikuwa na hamu ya kushinda. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amemtoa mama wa watu kwenye nyimbo zake, tak moja baada ya nyingine, kwa mapenzi. "Niliifuta ile nyingine," alisema. "Mzee, nisamehe. Nilidhani nasafisha."

Nikasimama. "Yangu ipo."

"Ile imechakaa," alisema Mwalimu. "Itakatika."

"Ikikatika tutaiunga."

Nilichukua teksi mpaka dukani. Kanda ilikuwa kwenye droo ya mashine mbovu za kunyolea, imejaa nywele. Nikabeba na redio kaseti yenyewe, maana kanda ile imezoea mashine ile, kama wazee waliooana muda mrefu. Njiani nimeipakata kama mtoto, dereva ananitazama kwenye kioo, na nilimwacha atazame.

Tukaiweka. Ikavuma, ikakwaruza, kinanda kikatokea mbali kama kiko chumba cha tatu, na nyuma yake, wazi, tak-tak-tak-tak. Mzee akafumba macho. Wimbo wa pili utepe ukakatika. Nilifunga macho na mimi. Fundi aliifungua kanda kwa bisibisi, akaomba selotepu, akaunga utepe mwembamba ule huku Mwalimu akimshikia kiwiko. Jasho lilimtoka puani. Akaifunga, akaizungusha kwa kalamu, akairudisha kwenye mashine, na hakubonyeza yeye. Alinisogezea mimi.

Wimbo wa nne ukaingia. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umeanza kupanda na kushuka sakafuni, kisigino, vidole, kisigino, na mimi niliyeusikia mgoto ule miaka yote, nikauona kwa mara ya kwanza. Si ngoma, si mguu wa mpigaji, si ubovu. Ni mwanamke anashona sare mia mbili. Nilikuwa nimemsikiliza kila siku na sikuwahi kumwamkia.

Tukafika pale. Kinanda kikashika sauti yake, mgoto ukanyamaza.

"Hapo," alisema mzee, macho amefumba, "uzi ulikatika."

Mwalimu akafunika mdomo.

"Alinionyesha kidole, nisiache. Kanda ilikuwa hiyo moja, tukikosea hatuna nyingine. Nikaishika sauti, namsubiri atunge uzi kwenye sindano. Na mimi simwoni vizuri, amenipa mgongo. Nasubiri. Nasubiri. Nilidhani nitakufa na kinanda mdomoni."

Sekunde ishirini na sita zikapita na hakuna aliyepumua chumbani. Kisha tak, tak, tak-tak-tak, mama akarudi, na kinanda kikashuka kumpokea.

"Tulipomaliza nikamgombeza," alisema mzee. "Nikamwambia, mke wangu, sindano gani hiyo ya kutungwa nusu dakika, wewe unayetunga gizani? Akacheka." Alifungua macho, yamejaa. "Akaniambia, uzi nilishautunga zamani. Nilikuwa nakusikiliza."

Binti yake, ambaye amezaliwa na hao wawili na kuishi nao, alikuwa hajawahi kukisikia kisa hicho. Alikwenda akaishusha televisheni sakafuni, akaondoa kitambaa kwenye cherehani, akakaa chini pembeni yake.

"Rudisha nyuma kidogo," mzee aliniambia, akasogeza sikio. "Anzia pale anaponyamaza."

Nikarudisha.