Mashimo ya Bi Kalibu

Asubuhi ile Bi Kalibu alikuwa amechuchumaa, tope hadi viwikoni, anachomoa kalibu taratibu kama mtu anayemvua mtoto shati bila kumwamsha. Tofali likabaki limekaa, kona zimenyooka, uso laini. Alikuwa bado analitazama kwa mapenzi, kivuli cha mtu kilipoangukia safu nzima, na kabla hajageuka, pwaa! Ndoo ya samaki wafu, wadogo kama vidole vya mtoto, ikamwagwa juu ya matofali mabichi.

"Haya, fyatua na hao," sauti ya kiume ikasema.

Alikuwa Ndoana, mvuvi wa kule mto unakokunja kona, mgane wa siku nyingi, mtu mrefu mwenye maneno machache ambayo siku hiyo aliamua kuyatumia yote.

"Mashimo yako yamekuwa makaburi, mama. Samaki wanaingia, mto unapungua, wao wanabaki humo mpaka maji yanageuka uji. Halafu mimi nikirudi na wavu mtupu, watu wanasema nimezeeka."

"Mimi ndiye niliyewaalika?" Bi Kalibu akasimama, mikono kiunoni, tope likimdondoka. "Mto umewaleta, mto uwarudishe."

"Mto haukuchimba shimo hata moja hapa."

"Na wewe nyumba yako umejengea nini, magamba?"

Chini ya turubai, shangazi yake Bi Kalibu akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Hapo kakupata, mvuvi! Hapo kakupata!"

Ndoana akaokota ndoo yake, akawapa kisogo, akaenda zake.

Bi Kalibu alikuwa amezoea ugomvi. Mumewe wa kwanza alikwenda mbali kutafuta maisha, na maisha aliyoyapata yalikuwa na mwanamke mwingine ndani yake. Yeye hakulia sana. Alichukua kalibu ya mbao aliyoachiwa na baba yake, akashuka bondeni, akaanza kufyatua matofali. Jina lake lilitokana na hiyo kalibu: usiku wa baridi angekuazima blanketi lake bila kusita, lakini kalibu hakumwazima mtu. Shangazi, dada wa baba yake, alikuja kumtembelea kwa wiki moja na akasahau kuondoka. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya turubai, kupika chai na kutoa maoni.

Siku ile, baada ya kuwabandua samaki mmoja mmoja kutoka kwenye udongo na kulainisha alama zao kwa kidole, Bi Kalibu hakuweza kuendelea na kazi. Maneno ya mvuvi yalikuwa yanamkera kama mwiba. Akasema anakwenda kutafuta maji, shangazi akasema maji yapo, naye akaenda hivyo hivyo.

Mashimo aliyaona kila siku, lakini huyachunguzi mashimo uliyokwisha kutoa udongo. Ni kama sahani uliyokwisha kula. Sasa akachungulia. Shimo la kwanza maji yake yalikuwa yanachemka bila moto. Vifaranga wa perege walikuwa wamejazana juu, vinywa wazi, wanahema kama wasafiri waliokosa gari. Chini yao kambale wadogo walipanda, wakameza hewa kidogo, wakashuka tena bila wasiwasi. Ukingoni korongo watano walikuwa wamejipanga, wameshiba mpaka wamechoka kuinamisha shingo.

"Jamani," Bi Kalibu akasema peke yake.

Bonde lile lilikuwa la mto kabla halijawa la watu. Kila mvua zikikolea, mto hupanda kingo zake na kutandaza maji kwenye nyasi, na samaki hufuata. Kambale hujiburuza hata kwenye maji yasiyozidi kifundo cha mguu, wakataga kwenye majani. Humo, kwenye maji ya vuguvugu yaliyojaa wadudu, mbali na vinywa vya wakubwa, ndimo watoto wao wanamonenepa. Maji yakianza kurudi mtoni, nao hurudi. Lakini sasa, kati ya nyasi na mto, palikuwa na mashimo yake, na samaki mdogo hawezi kupanda ukuta wa udongo.

Bi Kalibu alikuwa na kichwa kigumu, ila hakikuwa kibaya. Kesho yake alfajiri akabeba jembe na sururu, akaanza kuchimba mfereji kutoka shimo kubwa kwenda mtoni. Alichimba kama aliyetukanwa. Jua lilipochomoza vizuri akavunja tuta la mwisho, maji yakatoka kwa kelele, yakabeba perege wengi kweli, naye akapiga vigelegele peke yake. Halafu maji yakasimama. Shimo lilikuwa na kina kikubwa kuliko mfereji, na samaki waliobaki chini walikuwa wengi kuliko waliotoka, tena sasa wamebanana zaidi.

"Umemwaga mchuzi, nyama imebaki," sauti ikasema nyuma yake.

Ndoana alikuwa amesimama na wavu begani. Bi Kalibu akajiandaa kwa vita, lakini mvuvi alikuwa anautazama ule mfereji kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uso wake haukuwa wa jana.

"Umechimba yote haya peke yako?"

"Kwani umeona mtu mwingine hapa?"

"Basi leta toroli."

Siku ile nzima waliwahamisha samaki. Ndoana aliingia shimoni na wavu wa matundu madogo, Bi Kalibu akapokea kwa ndoo, makarai na mapipa ya kulowekea udongo, akayasukuma kwa toroli la matofali hadi mtoni. Safari ya kwanza perege wakafika wengi wao wamegeuza matumbo. Bi Kalibu akakunja uso, akakaa ukingoni akiwaangalia, kisha akarudi na kugawa upya: perege wachache kwenye chombo kikubwa chenye maji mengi, na kambale, ambao wanameza hewa ya juu kama binadamu, wote pamoja kwenye karai moja.

"Hawa ni watu wa kupanda lori," akasema juu ya kambale. "Wale perege wanataka kiti cha dirishani."

Ndoana akacheka. Shangazi, aliyehamishia turubai lake karibu ili asipitwe na jambo, akamsikia akicheka na akaanza kufikiria mengine kabisa.

Tangu siku hiyo mvuvi hakukosa sababu ya kupita. Mara anataka kuona kama maji yamepungua, mara amesahau kamba, mara amesahau kwamba kamba amekwisha kuichukua. Wakaanza kubishana jinsi ya kuchimba. Ndoana alitaka mashimo yafukiwe yote. Bi Kalibu akamuuliza kama mtu anaweza kufyatua upepo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wakakubaliana jambo ambalo kila mmoja alidai kuwa lake. Badala ya mashimo mengi yaliyotapakaa, uchimbwe mtaro mmoja mrefu, upande wa nyasi uwe na kina kidogo, kisha uteremke polepole kuelekea mtoni, ili maji yakiondoka yawachukue samaki wote. Shimo moja tu lenye kina lingeachwa, lile lisilokauka hata kiangazi kikali, liwe maficho ya kambale wakubwa wanaosubiri mvua.

"Na humo huvui," Bi Kalibu akasema.

"Humo sivui."

"Apa."

"Mama, mimi nikisema neno..."

"Apa!"

Ndoana akaapa, na shangazi akawa shahidi.

Katikati ya kiangazi, wakati ardhi imekuwa ngumu kama mfupa, sururu ya Bi Kalibu iligonga bonge la udongo lenye kitundu kidogo juu yake. Bonge likapasuka. Ndani, kwenye ganda jembamba kama karatasi iliyokauka, kilikuwa kimejikunja kitu cheusi chenye ngozi.

"Nyoka!" Shangazi akapiga kelele, na goti lake ambalo kwa miaka lilikuwa halimruhusu kupanda hata kizingiti likapona ghafla. Alipokuja kusimama alikuwa ameshapita tanuri la matofali.

"Ni kamongo, shangazi. Amelala."

"Amelala kwenye udongo? Hana kwao?"

Bi Kalibu akamweka kwenye beseni la maji. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mkia ukakunjuka, nyuzi mbili za mapezi zikapapasa, na kile kichwa butu kikapanda juu, kikafungua mdomo, kikavuta pumzi kwa sauti. Shangazi, aliyekuwa amerudi kwa tahadhari, akashika mdomo.

"Anapumua! Subhana... mwanangu, samaki anapumua!"

Ndoana alipokuja jioni akawaelezea alichojua: kamongo bwawa likikauka hujichimbia, hujifunika ute unaogeuka ganda, akalala pale bila kula, akisubiri mto urudi. Shangazi akasikiliza kwa umakini usio wa kawaida. Akamwangalia kamongo, akamwangalia Bi Kalibu.

"Kuna watu nawajua wanaishi hivyo hivyo," akasema.

Bi Kalibu akajifanya hakusikia, lakini masikio yake yalipata moto. Kamongo wakampeleka kwenye lile shimo la kina, na kona ya bonde walikomkuta wakaiacha bila kuichimba, kwa sababu huenda alikuwa na majirani.

Mvua zilipoanza kunukia, Ndoana alikuja nyumbani amevaa shati lililopigwa pasi. Akakaa. Akasifu chai. Akaongea juu ya kina cha shimo, mteremko wa mtaro, na tena juu ya kina cha shimo. Bi Kalibu alikuwa anamenya vitunguu, kisu kinakwenda polepole zaidi na zaidi. Shangazi akavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mvuvi," akasema, "umekuja kupima shimo au kuposa?"

Ndoana akabaki mdomo wazi, mfano halisi wa perege. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuposa."

"Haya, mwenyewe huyo hapo. Ana masikio."

Bi Kalibu akafuta macho, na mpaka leo anashikilia kwamba vilikuwa ni vitunguu. "Kalibu yangu huigusi," akasema.

"Siigusi."

"Na matope ya mtoni hayaingii ndani."

"Na ya matofali?"

"Hayo ni ya kazi," akajibu, na ndivyo alivyokubali.

Mto ulijaa mwaka ule kama haujawahi kujaa. Bonde lote likawa kioo, na ukitembea ukingoni uliona nyasi zikitikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo. Maji yalipoanza kurudi, wafyatuaji wengine walikuja kuangalia, wengine kwa nia njema, wengine ili wapate la kucheka. Ndoana na Bi Kalibu, sasa mume na mke, walikuwa wamesimama kwenye maji yaliyowafika magotini wakibishana kama tuta la mwisho livunjwe sasa au baada ya chakula. Bi Kalibu akalimaliza lile shauri kwa sururu.

Maji yakashika mtaro. Kwanza yalikuja majani, kisha vijidudu, kisha perege, wembamba, wanang'aa, makundi kwa makundi, mpaka mtaro ukawa kama umefunikwa kwa sarafu zinazotembea. Kambale wakafuata nyuma, bila haraka. Hakuna aliyecheka. Mfyatuaji mmoja kijana akamuuliza Bi Kalibu huo mteremko ulianzia wapi, naye akampa sururu na kumwonyesha.

Shangazi alikuwa ameletewa kiti ukingoni, mwavuli mkononi, anawasimamia samaki wote.

"Taratibu, taratibu," akawaambia. "Msisukumane, wanangu. Mto ni mkubwa, utawatosha."