Chupa ya Achari

Kila nikifungua chupa ya achari ya ndimu, harufu yake kali hunirudisha kwenye sinia letu kule Msambweni. Mama alikuwa akitibiwa saratani, na mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda. Kwa kuwa sote tulikula katika sinia moja, achari iliondoka bila mtu kuagiza. Nami niliichukia ile dawa aliyotundikiwa hospitalini, iliyomletea vidonda hivyo.

"Kwani dawa haijui uvimbe uko wapi?" nilimuuliza mama mdogo.

"Haijui, mwanangu. Hupiga kila kinachoota upesi. Uvimbe huota upesi, nywele pia, na hata ngozi ya ndani ya mdomo. Lakini ngozi hiyo ikipumzishwa, huota tena upesi vilevile."

Nikaificha chupa nyuma ya mbuzi ya kukunia nazi, nikangoja.

Adhuhuri moja, wiki kadhaa baada ya dripu ya mwisho, mama aliuvuruga wali kwa vidole, akatutazama.

"Achari mmeila yote?"

Nikakimbia jikoni kuileta. Akachovya kidole, akalamba, machozi yakamlengalenga. Sote tukaacha kutafuna.

"Yawasha," akasema, akaivuta chupa upande wake.