Kitambaa juu ya uso wa mama

Siku ile, nikiwa bado mtoto, nyumbani kwetu kijijini Wamaza tulikuwa mama, mimi, wadogo zangu Zaina na Amisi, na munganga wa disipanseri ya wazungu, aliyekuja kuosha kidonda kilichokuwa kinamla mama shavu. Miaka mingi imepita, lakini juzi nilimwona muuguzi akimfunika mgonjwa uso, harufu ile ya usaha na dawa ikanirudia.

Munganga alimwekea mama kitambaa cheupe usoni. Mimi nilikuwa nimeona baba akifunikwa vile kabla ya kuzikwa.

"Umemuua!" nikapiga kelele, nikamuuma munganga mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni. Akanizaba kofi. Nikaanguka juu ya beseni, nikainuka, nikakivuta kitambaa.

Mama alikuwa macho, meno yakionekana kupitia shavuni. Zaina akapiga yowe, "Huyu hapana mama!" akamburuta Amisi nje.

Mama akanirushia kikombe cha bati, kikanipasua paji. "Mutoto mubaya! Ni mimi nilimuomba anifunike, wadogo zako wasinione hivi!"

Aliishi siku mbili tu, na siku zote mbili nilimnunia kwa ajili ya paji langu. Alikufa sijamwomba radhi, na deni hilo bado liko juu yangu.