Ng'ombe Wasio na Mashada

Misimu ishirini na tisa Walburga aliwashusha ng'ombe wa kijiji cha Hinterau kutoka malisho ya juu ya Alpi wakiwa wamevikwa mashada ya maua, ishara kwamba hakuna ng'ombe aliyekufa huko. Wachungaji wenzake waliwahi kurudi na ng'ombe vichwa vitupu. Yeye kamwe, na alijivunia hilo waziwazi, hadi kuchosha watu.

Mwaka huu, kibandani huko juu, alisuka mashada ya safari ya kesho kwa shaka. Siku kumi zilizopita mtamba wake mwenyewe alitumbukiza mguu kwenye ufa, akavunjika, akafa. Mlima ule ni chokaa tupu, umetobokatoboka. Mvua inyeshe itakavyo, hakuna kijito, yote inazama. Basi Walburga na shemeji yake Korbinian wakamsukumia mtamba shimoni, wakapatana kusema ameuzwa ng'ambo ya mlima.

"Shemeji, shada unalikaza kama unamnyonga mtu," Korbinian alisema.

"Mwaka juzi wale wataalamu wa maji walimwaga rangi yao ya kufuatia mkondo shimo gani?"

"La kule juu, penye msonobari uliopigwa radi. Letu jingine."

"Ikatokea wapi?"

"Si unajua? Kwenye birika la kijiji, pale wanapochota maji wote. Padri alinawa, akawa kijani mpaka masikioni." Akacheka peke yake.

"Baada ya siku ngapi?"

"Tano. Lakini nimeshakwambia, letu jingine."

"Wewe umefika huko chini ukaona mashimo hayakutani?"

Korbinian akakuna shingo. "Ukisema, na mimi wataniita mwongo."

"Mwanangu Vroni anampikia mtoto wake uji kwa maji yale."

Walburga akakaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Aliona aibu, na hofu ilizidi aibu. Mwishowe akamvua ng'ombe kiongozi shada ambalo alikuwa amemjaribishia tu.

"Hatungoji kesho," alisema. "Tunashuka sasa."

Alasiri watu waliokuwa birikani waliwaona ng'ombe wakija bila ua hata moja. Wanaume wakavua kofia. Binti yake, Vroni, alikuwa pale na ndoo iliyojaa, mtoto mkono wa pili.

"Mama, kafa nani?"

"Mtamba wangu. Mwaga hayo maji, mwanangu."

"Maji yana nini?"

"Mwaga kwanza. Halafu nitawaambia wote nilimtupa wapi."