Vidonge vya Wifi Kutoka Maskati

Wifi yangu alipokuja kutoka Maskati alifungua sanduku mbele ya wanawake wote wa nyumba, kama ilivyo ada yetu hapa Wawi: zawadi haifichwi, na anayepewa hakatai. Zikagawiwa kanga, kisha udi, na mwisho vidonge vya homoni alivyoandikiwa yeye na daktari wake wa huko.

"Hivi ni vya joto lako, wifi," akanambia. "Mimi vimenipoza."

Hedhi yangu ilikuwa imekoma, na joto lilinipanda hata katikati ya sala, mtandio ukanilowa. Lakini mama yangu na dada yangu walikufa kwa maradhi ya moyo, wote hawakufika uzee. Nikasema sivimezi mpaka nimuulize daktari.

Siasa za vyama vingi zilikuwa zimeshatugawa hata katika maziko, na jamaa za mume wangu walikuwa chama kingine na changu. Kukataa kitu chao kulihesabiwa siasa.

"Sema tu hutaki cha kwetu," wifi akasema. "Na utamwambiaje daktari mwanamume mambo ya hedhi? Huna haya?"

"Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kuuliza mambo ya twahara bila haya, na mwalimu alikuwa mwanamume. Mwili huu ni amana ya Mungu, wifi. Si wa chama."

Nikaenda hospitali Chake Chake, nikayasema yote, sauti yangu ikisikika hadi kwenye mabenchi. Daktari, kijana wa watu, aliona haya kuliko mimi. Hakusema dawa ile ni mbaya. Alisema maradhi ya moyo katika ukoo peke yake hayamzuii kila mwanamke kuitumia, ila kila mmoja apimwe kwanza. Na presha yangu ilikuwa juu. Ishuke, tupime mafuta na sukari, ndipo tuzungumze. Dawa ya mwenzangu nisiiguse.

Nilimrudishia wifi vidonge vyake mbele ya wanawake wale wale.

"Daktari kakupa kadi ya chama chake?" akanitania.

"Kanipa dawa ya presha. Nawe je, ulipimwa kabla ya kupewa hivi?"

"Nilipimwa," akasema, taratibu sasa. "Kila kitu, hata matiti."

"Basi ulitaka mimi nimeze kwa vipimo vyako."

Wifi akavitia vidonge sandukuni. Walionuna walinuna mpaka Idi. Mimi nilimeza dawa yangu ya presha kila baada ya sala ya alfajiri, nikavumilia jasho, alhamdulillahi, nikingoja siku ya kurudi kwa daktari.